Bwawa Langu la Paja la Mbuzi

Nakumbuka siku moja nilishuka mlimani na mbuzi saba, nikarudi na wazo moja. Mbuzi niliwauza kwa faida. Wazo lile nusura linigharimu mke.

Mwanangu, umeniandikia kwamba fundi amekutajia bei ya kuchimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yako hapo Same, na unataka kujua mimi baba yako naonaje. Bei nimeisoma. Kisha nikavaa miwani nikaisoma tena, maana namba yenye sifuri nyingi ni kama mgeni mnene: huwezi kumkaribisha kabla hujatazama kiti. Sitakujibu ndiyo wala hapana hapa juu. Kaa kitako kwanza, nikusimulie bwawa langu mimi. Hukujua kwamba baba yako aliwahi kuwa na bwawa la kuogelea? Nilikuwa nalo. Lilikuwa langu kwa siku tano.

Enzi hizo alikuwa anatawala Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mchuuzi wa mbuzi, nakaa na bibi yako, mama yangu mzazi, kule juu kwetu, Lembeni ikiwa chini ya miguu yetu. Nilikuwa nanunua mbuzi wa mlimani, wale wanaofugwa zizini kwa majani ya migomba mpaka wanasahau kutembea, nawashusha taratibu hadi kwenye shamba moja la mkonge upande wa Same. Jikoni kwa Bwana Meneja waliwapenda kwa mafuta yao. Mimi niliwapenda kwa bei yao.

Na nilikuwa naweka akiba. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani yake shilingi mia tatu na kumi. Nasema mia tatu na kumi kwa sababu nilizihesabu kila Jumamosi, na nikizimaliza nilizihesabu tena nikianzia upande wa pili. Fedha hizo zilikuwa na jina. Zilikuwa mahari ya Nakijwa, binti wa Mzee Kajiru.

Mzee Kajiru alikuwa mtu wa maji. Sisi watu wa Upare tunajua maana yake, lakini nawaandikia pia wajukuu watakaoisoma barua hii wakiwa mjini. Kwetu maji hutoka juu msituni kwa mfereji tunaouita mfongo, yakaingia kwenye bwawa la kijiji liitwalo ndiva. Yanalala humo usiku kucha yakijaa. Asubuhi ndiva hufunguliwa, maji yakaenda mashambani kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Anayeshika zamu hizo ndiye mtu wa maji, na neno lake huanguka chini kama jiwe: halidundi. Mzee Kajiru hakuzaliwa mlimani. Mama yake alikuwa ameolewa Jipe, kando ya ziwa, na yeye alikulia huko kwa wavuvi kabla ya kuletwa juu akiwa kijana. Ndiyo maana, walisema wazee, anayajua maji kwa jina la utotoni.

Basi siku ile nilifika kwa Bwana Meneja na mbuzi wangu saba. Mpishi wake, mtu wa makamo aliyependa maneno kuliko vitunguu, akanipitisha nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipoliona. Maji ya buluu, mwanangu, yamekaa ndani ya shimo la saruji kama chai ndani ya sahani. Katikati yake Bwana Meneja kalala chali, kofia usoni, hafanyi chochote. Kando kuna mzee mmoja na wavu mrefu, anaopoa majani yaliyoanguka majini.

Nikamuuliza mpishi, "Kaka, maji yale yanakwenda shamba gani?"

"Hayaendi."

"Yananywesha nini basi?"

"Hayanyweshi kitu. Ni ya kuogelea."

"Kila siku?"

Mpishi akacheka kwa pua. "Mimi ndiye ninayepeleka taulo. Tangu mvua za vuli nimelipeleka mara nne. Wanaoyatumia kila siku ni vyura, na yule mzee wa wavu."

Ungedhani mtu ahesabuye kila kitu mara mbili angelihesabu taulo lile. Sikulihesabu. Niliambiwa bei halisi ya bwawa pale pale, bure, na mtu asiye na haja ya kuniuzia, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile kofia. Nilijiona mimi ndiye niliyelala chali, watu wa kijijini wamejipanga kando wakisema, mtazameni yule, mchuuzi wa mbuzi, hafanyi chochote. Ujana ni hivyo. Unamwona mtu amepumzika, unatamani pumziko lake, huulizi alichoka na nini.

Nilirudi kwa miguu. Nauli ya gari moshi niliiuliza stesheni, nikaiuliza tena kama labda imeshuka, nikaona miguu yangu haidai tiketi. Njia nzima nilikuwa najenga. Nilipofika Lembeni bwawa lilikuwa limekwisha kichwani, na kilichobaki kilikuwa kushusha bei.

Saruji kwanza. Nilikuwa nimeiulizia kwa wenye duka Same, kwa mfuko, nikapiga hesabu ya mifuko thelathini. Nikaona ningeweza kuoa mara mbili. Nikaifuta saruji. Babu zetu walijenga ndiva kwa mawe na udongo wa mfinyanzi na hazivuji, kwa nini mimi nivujishe fedha? Mawe yapo mlimani, hayana mwenyewe. Kiwanja ninacho: kipande cha chini cha shamba alichoniachia marehemu baba, kando kabisa ya mfongo. Ikabaki kazi ya kuchimba. Kibarua alikuwa analipwa shilingi moja kwa siku. Nikazidisha vibarua kwa siku, nikazidisha tena, jibu likakataa kupungua.

Ndipo, mwanangu, shetani wa rahisi aliponinong'oneza neno moja: msaragambo.

Unajua msaragambo. Baragumu la pembe ya tandala likilia mara tatu asubuhi, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Hakuna anayeuliza malipo, maana kazi ni ya wote: kuzibua mfongo, kutengeneza njia, kutoa tope ndivani. Kila anayefika hutupa kijiti kilichomenywa ndani ya kikapu, ili jioni ijulikane nani hakuja, naye atozwe faini. Baragumu hulipiga mtu mmoja, na siku hizo alikuwa Sifaeli, rafiki yangu wa tangu utoto, mtu mwenye mapafu makubwa na nia ndogo. Anayemwamuru kupiga ni Mzee Kajiru. Na Mzee Kajiru, kwa wiki hiyo, alikuwa ameshuka Jipe kuwaona ndugu wa baba yake.

Nikamwendea Sifaeli.

"Siwezi," akasema. "Baragumu lina mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo. Na kazi ni ya maji. Wewe uliwahi kuona kazi ya maji ikapingwa?"

"Maji ya nani?"

"Maji ni maji, Sifaeli. Nina paja la mbuzi, la nyuma."

Akatazama juu muda mrefu, kama anayetafuta mvua. "La kushoto au la kulia?"

Ndivyo bei ya bwawa langu ilivyoshuka kutoka mifuko thelathini ya saruji mpaka paja moja la mbuzi. Nililala nimefurahi kama mtu aliyemwibia mwizi. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, lakini mimi nilidhani walikuwa wanazungumzia nyanya.

Jumatatu asubuhi baragumu lililia mara tatu. Mwanangu, walikuja. Waume kwa wake, majembe mabegani, wengine na mitalimbo, wanatania tangu mbali. Watu sitini na mmoja. Niliwahesabu wakipanda na nikawahesabu wakiinama. Mmoja akauliza, "Ndiva mpya hii?" Nikamjibu, "Maji hayo, ndugu yangu. Tuchimbe kwanza." Sikusema uongo. Nilisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni uongo uliovaa kanzu.

Na Nakijwa alikuwemo, katumwa na nyumba yao kwa kuwa baba yake yuko safarini. Alichimba karibu nami. Alikuwa na namna ya kurusha udongo bila kutazama unakoangukia, na mara tatu uliniangukia mimi. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya.

Walichimba siku tano wakiimba. Sijapata kuona shimo likikua kwa furaha namna ile. Mama yangu alipika makande kwa watu wote, sufuria mbili asubuhi na mbili jioni, mahindi na maharage ya ghala letu. Siku ya tatu alinivuta kando. "Mwanangu," aliniambia, "umehesabu majembe. Midomo je, uliihesabu?" Nikamwambia maharage si fedha. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeuziwa mgonjwa, akarudi jikoni.

Na kila jioni, kwa kuwa hesabu ndiyo starehe yangu, nilikuwa namwaga kikapu cha vijiti na kuvihesabu. Sitini na moja. Nahesabu tena. Sitini na moja. Naviweka kwenye mafungu, nayafunga kwa kamba ya mgomba, nayapanga ukutani. Nilijivunia mafungu yale. Hakuna mdaiwa aliyewahi kulitunza deni lake kwa usafi namna ile.

Ijumaa alasiri, tukiwa tunapanga mawe ya mwisho, Mzee Kajiru akatokea njiani. Kapu la samaki wakavu begani, suruali imekunjwa, vumbi la tambarare limemfika magotini. Shikamoo zikamwagika, naye akaziitikia moja moja, marahaba, marahaba, mpaka ya mwisho. Akaweka kapu chini. Akalizunguka shimo lote kwa hatua, midomo inacheza.

"Ishirini kwa kumi na mbili," akasema. "Kina kimempita mtu. Kazi nzuri. Ndiva ya nani hii?"

Watu wakajibu, "Yetu, mzee. Baragumu lililia."

Mzee akamtazama Sifaeli. Sifaeli akatafuta tena mvua yake angani.

Hapo, mwanangu, ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa naliona shimo langu likienda mbele ya macho yangu, nikasema kwa sauti, "Samahani, mzee. Ni langu. Ni bwawa la kuogelea. La nyumbani."

Kisha mama yangu, kutoka kwenye sufuria zake, akauliza watu wote kwa upole, "Kuoga? Huyu? Huyu hata uso hunawa kwa kikombe na nusu hurudisha mtungini."

Walicheka mpaka majembe yakaanguka. Walikaa chini, wakashikana mabega. Nilitamani wakasirike, hasira ina mwisho. Kicheko cha kijiji hakina mwisho, na mpaka leo nikipita mtaani kuna vikongwe wanaoniuliza kama nimeoga.

Mzee Kajiru peke yake hakucheka, ila masharubu yake yalikuwa yanahangaika. Alingoja watulie, akasema, "Kijana, baragumu halina nyumba. Kilichochimbwa kwa baragumu ni cha waliolisikia. Ukitaka kiwe chako, kinunue. Shilingi moja kwa kijiti. Vijiti viko wapi?"

Kila mtu alijua viko wapi. Nilikuwa nimeviweka ukutani vikipendeza.

"Vingapi?" akauliza.

Nilijua vingapi. Nilikuwa nimevihesabu mara mbili. "Mia tatu na vitano, mzee."

"Haya. Utanijibu Jumapili baada ya kanisa. Na kwa kuwa nimesimama hapa kama mtu wa maji, sina neno la zaidi. Baba mkwe atakuja jioni."

Na kweli alikuja. Akakaa, akapewa chai, akapuliza, akanywa, akapuliza. Kisha akasema, kama mtu anayeleta habari za ng'ambo, "Nimesikia kuna kijana huko chini kafanya mambo na baragumu. Unamfahamu?"

"Namfahamu, mzee."

"Ukimwona mwambie hivi. Mimi nina binti, na mahari yake ilishasemwa, shilingi mia tatu. Mambo ya maji sitayachanganya na ya binti yangu. Alipe shimo, asilipe shimo, ni juu yake. Lakini siku ya mahari nitahesabu shilingi. Shimo sipokei."

Akamaliza chai, akamsifu mama kwa chai, akaondoka.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Mia tatu na kumi, toa mia tatu na tano. Zinabaki tano. Ningebaki na shilingi tano na bwawa la kwanza la kuogelea katika milima yote ya Upare, na Nakijwa angeolewa na mtu asiye na bwawa. Nilitafuta mlango wa tatu. Mchuuzi huamini kila bei ina mlango wa tatu. Nilifikiria kuomba nipunguziwe kwa sababu siku ya tano walipanga mawe tu. Nilifikiria kutoa makande kama sehemu ya malipo, na nikaanza kuhesabu vijiko. Unacheka? Nilihesabu vijiko kweli.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Nakijwa kwenye mfongo anachota maji. Nikamwambia shida yangu yote, kwa unyonge uliopangwa vizuri, nikitegemea atanionea huruma akamsemee baba yake.

"Vijiti vyangu ni vitano," akasema. "Nataka shilingi zangu kwanza, kabla hujawalipa wengine."

"Nakijwa, wewe utakuwa mke wangu."

"Nitakuwa. Jembe langu lilitangulia."

"Basi nikulipe tatu."

"Tano."

"Nne, na kanga nikienda Same."

"Tano, na kanga." Akajitwisha mtungi wake, akageuka. "Halafu nikuulize. Ukishawalipa wote, shimo ni lako. Maji je? Zamu ya maji ya nyumba yenu ni asubuhi moja kwa wiki. Utayaweka bwawani ulale chali, au utayapeleka kwenye maharage ya mama? Maana makande ya siku tano nimeyaona. Ghala lenu sasa mtu akikohoa linaitikia."

Akaenda. Maji yalikuwa yanamdondoka mtungini, tone, tone, njia nzima.

Mwanangu, nilikuwa nimehesabu saruji, mawe, vibarua, paja na vijiko. Maji sikuyahesabu. Mtu wa Upare, aliyezaliwa kando ya mfongo, anajenga bwawa na kusahau maji! Pengine ni kwa sababu hiyo hasa. Kitu ambacho hukuwahi kukilipia hukikumbuki kwenye bei. Zamu zile zilikuwa zinatufikia kila wiki tangu kabla sijazaliwa, mimi nikadhani maji huja yenyewe, kumbe huletwa na watu, tena kwa baragumu lile lile nililolinunua kwa paja.

Jumapili baada ya kanisa watu hawakuondoka. Nilisimama mbele yao nikasema shimo ni lao, na kipande cha shamba linapokaa ni chao, kwa kuwa nimeshindwa kulinunua na hata ningelinunua ningekuwa nimenunua vumbi. Nikaomba radhi kwa baragumu. Kisha, kwa kuwa asili haifi, nikaongeza, "Lakini kwa ukarimu huo naomba shamba la mama yangu liwe la kwanza kwenye zamu."

"Hapana," akasema Mzee Kajiru. "Mama yako atapata zamu yake kama alivyozoea."

"La pili, basi."

"Hapana."

"Basi niruhusiwe kuogelea."

Masharubu yale yakaanza tena. Akafikiri. "Jumapili maji yanapumzika, hakuna anayemwagilia. Ndiva itakuwa imejaa mpaka Jumatatu. Baada ya kanisa, anayetaka kuogelea aogelee. Siyo wewe peke yako, yeyote. Miguu ioshwe kwanza kwenye mfereji wa chini. Na kwa baragumu la uongo kuna faini ya mbuzi."

"Paja, mzee?"

"Mbuzi. Pamoja na mapaja yake yote. Sifaeli atakupa la kwake."

Mbuzi akaliwa na makande yaliyobaki, na walioimba siku tano wakaimba ya sita. Sifaeli alilichoma mwenyewe lile paja lake alilokuwa amelikausha, kwa machozi, akisingizia moshi.

Jumapili iliyofuata ndiva ilikuwa imejaa pomoni. Maji hayakuwa ya buluu kama ya Bwana Meneja. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mlima wote ulikuwa umelala ndani yake kichwa chini. Kijiji kizima kilisimama ukingoni, na wote wakanitazama mimi, maana wazo lilikuwa langu. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nikavua shati nikabaki na fulana. Nikaosha miguu. Nikaruka.

Sasa nikuambie jambo jingine ambalo sikulihesabu. Nilikuwa sijui kuogelea. Ningejulia wapi? Milimani kwetu mtu huingia maji ya kufika kifundoni, na ndivani ikiwa imejaa alikuwa haingii mtu. Kwa Bwana Meneja nilimwona mtu amelala juu ya maji bila kufanya chochote, nikaamini kwamba ndivyo inavyofanyika: unaingia, hufanyi chochote. Basi nikaingia, nisifanye chochote, nikaenda chini moja kwa moja kama jiwe la msingi.

Kilichonitoa ni mkono ulionishika ukosi wa fulana. Nilipopata pumzi nikaona uso wa Mzee Kajiru kando ya wangu, masharubu yanachuruzika, na yule mzee anaelea kama bata. Mtoto wa Jipe! Alikuwa hajaogelea tangu ujana wake, miaka mingi kuliko niliyokuwa nimeishi. Akaniweka ukingoni kama mzigo, akarudi majini. Akaenda mpaka ng'ambo, akageuka, akalala chali, akatazama mawingu. Na hapo, mwanangu, mtu wa maji akacheka. Kicheko alichokizuia tangu Ijumaa ile kilitoka chote kwa mara moja, na kijiji kizima kikamfuata, wengine majini na wengine kando, na mama yangu akaingia mpaka magotini na kanga yake, akanirushia maji usoni akisema, "Leo umenawa bila kikombe."

Alinifundisha kuogelea kwa Jumapili sita. Mahari nikalipa mia tatu kamili. Alizihesabu mbele yangu, akazihesabu tena. Ndipo nilipojua naoa nyumba inayonifaa. Zilibaki kumi. Tano nikampelekea Nakijwa na kanga yake. Kanga akaipokea, shilingi akazikataa, akasema vijiti vyake anavitunza, siku nikijifanya mjanja avitoe. Viko juu ya mlango wa jikoni mpaka leo. Mama yako, ambaye anasoma barua hii begani kwangu bila ruhusa, anasema nikuandikie kwamba vimevuna riba.

Na mimi nimeogelea katika ndiva ile kila Jumapili ya afya yangu, mpaka magoti yalipokataa kushuka. Bwawa la Bwana Meneja lilitumika mara nne. La kwangu silijui idadi yake, na unajua ninavyohesabu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nisije nikakuacha na hadithi tu mkononi. Hiyo bei ya fundi ni bei ya shimo. Usiijibu. Kwanza nenda kahesabu taulo: kwa ukweli wako, mbele ya mkeo, utaingia mara ngapi baada ya mwezi wa kwanza kupita na wageni wakishazoea? Gawanya bei kwa idadi hiyo, uone kuoga mara moja kunakugharimu nini. Kisha uliza maji. Same ni mji wa vumbi, na naambiwa mtaani kwako watu wanajipanga na madumu tangu alfajiri. Ukilijaza bwawa wakati jirani anangoja dumu moja, hutaogelea kwenye maji. Utaogelea kwenye macho ya watu, na hayo hayana kina. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi nimeyafika, nimeyanywa pia.

Kama baada ya kuhesabu mara mbili bado unalitaka, lichimbe, sikuzuii. Fedha ni zako na mgongo ni wako. Lakini ulipie kila kijiti. Usitafute paja la mbuzi popote, wala kwa fundi, wala kwa mtu wa maji, wala kwa rafiki mwenye mapafu makubwa. Na lango la bwawa liwe na siku yake ya kufunguliwa, maana bwawa la mtu mmoja ni karo la kunawia la bei ghali. Ukiuliza mimi ningefanya nini, ningejenga tangi kubwa la kuvuna mvua ya paa lako, jirani apate dumu lake, na Jumapili ningewapakia watoto nikapanda nao huku juu. Ndiva ipo. Imejaa. Miguu ioshwe kwanza.

Mungu akujalie maji yasiyokauka na watu wa kuyamaliza pamoja nawe. Akupe mke wa kukudai, jirani wa kukucheka usoni, na mkono wa kukushika ukosi siku utakaporuka kabla ya kujifunza. Na kila utakachokichimba, mwanangu, kipate wa kukiimbia.